Grisi ya msuguano mdogo ni nini?

Grisi ya msuguano mdogo ni ile inayotengenezwa ili beringi, yaani kile kifaa chenye gololi kinachoshikilia mhimili unaozunguka, izunguke bila kula nguvu nyingi, na wakati huohuo isilike haraka. Mambo hayo mawili huvutana, na hapo ndipo ugumu wote wa kuitengeneza ulipo.

Watu wengi hudhani grisi ni mafuta mazito tu. Kumbe ndani yake mna mafuta, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 70 hadi 95, mna kigandishi, mara nyingi sabuni ya lithiamu, na mna kemikali kidogo za kuzuia kutu na kulika. Sabuni hiyo ina nyuzinyuzi zisizoonekana kwa macho, nazo ndizo zinazoyashika mafuta yasitiririke. Beringi ikizunguka, mafuta hutoka kidogokidogo na kutanda kati ya gololi na njia yake. Utando huo mara nyingi haufiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na ndio pekee unaozuia chuma kisigusane na chuma.

Nguvu hupotea wapi basi? Nyingine hupotea kwenye huo utando na kwenye sili, yaani kizibo cha pembeni mwa beringi, lakini mashine inapokwenda kasi, nyingi huishia katika kukoroga. Gololi zinazozunguka ndani ya grisi iliyojaa pomoni zina kazi ya mwiko ndani ya ugali wa uwele ulioiva. Grisi iliyobuniwa vizuri husukumwa pembeni mwanzoni, ikatulia huko, ikaacha njia wazi na kutoa mafuta polepole. Ndiyo sababu kuijaza beringi hadi itoke nje ni kuipa joto bure. Kwa beringi nyingi, theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi ndani yake inatosha. Joto nalo si dogo: kwa makadirio yanayotumika sana, kila nyuzi 15 za Selsiasi juu ya 70 hupunguza umri wa grisi kwa nusu.

Njia rahisi ya kupunguza msuguano ni kutumia mafuta mepesi. Tatizo ni kwamba mafuta yakiwa mepesi mno utando unakuwa mwembamba mno, chuma kinakutana na chuma, na ulichookoa kwenye umeme unakilipa kwa kununua beringi mpya. Kwa hiyo wataalamu huchagua mafuta ya kutengenezwa kiwandani, ambayo wepesi wake haubadiliki sana joto likipanda au kushuka, kisha huongeza kemikali, kama zile zenye molibdeni, zinazojishikiza kwenye chuma na kukilinda pale utando unapokatika. Faida kwa beringi moja ni ndogo. Lakini watafiti Holmberg na Erdemir walikadiria mwaka 2017 kwamba takriban asilimia 20 ya nishati yote inayotumika duniani huishia kushinda msuguano, na nyingine asilimia 3 hivi kutengeneza upya vilivyolika.

Kwa Dodoma, naona suala la kwanza ni vumbi. Upepo wa kiangazi huingia kila mahali: kwenye mashine za kusaga za Kibaigwa, kwenye mitambo ya kukamua alizeti, kwenye magurudumu ya bajaji. Mchanga wetu una chembe za madini ya kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha beringi, na chembe moja huwa nene mara nyingi kuliko ule utando wa mafuta. Hakuna grisi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kulishinda hilo. Mkebe wa grisi unaoachwa wazi dukani, au nipeli (kichwa kidogo cha kuingizia grisi) isiyofutwa kabla ya kupiga pampu, huingiza mchanga moja kwa moja ndani.

Jambo jingine ni rangi. Fundi akikuambia nyekundu ndiyo ya joto na ya bluu ndiyo ya kasi, muulize maelezo ya kwenye mkebe, kwa sababu rangi hutiwa tu. Soma aina ya kigandishi, mnato (uzito) wa mafuta na daraja la ugumu wa grisi. Beringi nyingi hutumia daraja la 2. Na usichanganye ovyo: grisi ya poliyurea, ambayo ni kigandishi cha aina nyingine, inayopatikana sana kwenye mota za umeme, ikikutana na ya lithiamu mara nyingi mchanganyiko hulainika na kuvuja, au hukakamaa. Ukibadili aina, fungua beringi, ioshe, ikaushe, ndipo utie mpya.