Kuanza kutoza jarida lako la mtandaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukitoza tu, wasomaji watakimbia." Kila anayeendesha jarida la mtandaoni peke yake ameshaambiwa hivyo, na wengi huogopa, wakaandika bure mpaka wakachoka na kuacha. Ukweli ni kwamba msomaji wa bure haondoki usipomfukuza. Ben Thompson, anayeandika kuhusu biashara ya teknolojia, alipoanza kutoza jarida lake la mtandaoni, Stratechery, mwaka 2014, aliacha makala moja kila wiki wazi kwa wote. Hiyo ya wazi ndiyo watu hutumiana, na ndiyo inayomletea wasomaji wapya.

Tena si lazima ufungie chochote. Daily Maverick la Afrika Kusini lilianzisha uanachama wa kulipia mwaka 2018 na habari zake zikabaki wazi. Asiyelipa husoma habari zilezile anazosoma anayelipa. Wanaolipa wanataka kazi iendelee kuwepo. Mwandishi asiyelielewa hili hutumia nguvu zake zote kujenga ukuta, na mwaliko wenyewe akausahau: kumwambia msomaji waziwazi kazi hii inagharimu nini na pesa yake itafanya nini.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya bei: weka ndogo kabisa, wengi wataingia. Piga hesabu kwanza. Msomaji amelipa dola 5 za mwezi kupitia Substack, jukwaa la kuchapisha na kutoza majarida ya mtandaoni. Substack wanachukua asilimia 10, yaani senti 50. Stripe, wanaopitisha malipo ya kadi, wanakata asilimia 3 hadi 4 na juu yake senti 30 kwa kila muamala. Karibu dola nzima imekwenda, moja ya tano ya ulichotozia. Zile senti 30 hazipungui wala kuongezeka. Kwenye dola 50 zinazolipwa kwa mkupuo hukatwa mara moja tu kwa mwaka mzima, badala ya mara 12. Mpe punguzo anayelipia mwaka, na bado utabaki na sehemu kubwa zaidi ya anachotoa.

Kwa aliyeko Nairobi au Dodoma kuna la ziada. Stripe haifungui akaunti moja kwa moja kwa nchi hizi, kwa hiyo wengi hupokea kwa M-Pesa na mitandao mingine ya simu. Watu hudhani kazi imeishia hapo. Kadi hujikata yenyewe kila mwezi, lakini malipo ya simu kwa kawaida humtaka msomaji aweke namba ya siri kila mara, na akisahau, umempoteza bila yeye kukusudia. Hapo pia ada ya mwaka inasaidia, pamoja na ujumbe wa kumkumbusha kabla muda haujaisha.

Na wafuasi wengi? Si wateja wengi. Substack wenyewe huwaambia waandishi wategemee asilimia 5 hadi 10 ya wasomaji wa bure ndio watakaolipia. Kwenye 1,000, hao ni 50 hadi 100.

Wengine hukata tamaa wakiona miezi ya kwanza haijalipa kodi ya nyumba. Mediapart la Ufaransa lilianza mwaka 2008 likiwategemea wasomaji wanaolipa, bila matangazo, na faida ilikuja mwaka 2011. Usiache ajira mapema. Ukishapokea pesa ya mtu, jarida litoke siku uliyoahidi. Likikwama, mwandikie mapema na umwongezee muda aliolipia.