Kubadili jina la faili hakubadili faili

Juzi tena. Mwanachuo kaingia kibandani kwangu hapa Majengo, vumbi la Dodoma mabegani, flashi mkononi. "Fundi, PDF yangu haifunguki." Aliipataje? "Ilikuwa ya Word, nikafuta docx kwenye jina, nikaandika pdf." Wa tatu huyo wiki hii.

Sikubishana. Nikatoa nakala (bila nakala usiguse baiti hata moja, vile vipande vidogo vinavyounda faili), nikaifungua kwenye terminali kwa hexedit, programu ya kuona na kubadili baiti za faili kwa namba za heksi (0 hadi 9, kisha A hadi F). Mwanzo kabisa: 50 4B 03 04. Upande wa kulia, kwenye herufi: PK. Ni herufi za mwanzo za jina la Phil Katz, aliyetoa PKZIP, programu ya kubana mafaili, mwaka 1989, maana docx ni ZIP tu, kifurushi cha mafaili yaliyobanwa, yenye XML (maandishi yenye alama za mpangilio) ndani. PDF huanza 25 50 44 46, yaani %PDF. Mimina juisi ya ubuyu kwenye chupa ya mvinyo, bandika lebo ya zabibu, atakayeonja atajua.

"Basi fundi, si uzibadilishe hizo nne ziwe %PDF?"

Hapo ndipo huwa napandwa na hasira. Nikabadilisha, nikabonyeza Ctrl na X kuhifadhi, nikampa afungue. Haikufunguka, bila shaka; ndani bado ni ZIP.

Tena hexedit huandika juu ya kilichopo, haisogezi kitu, na watu huiona kama kasoro. Jamani! Mwishoni mwa ZIP kuna orodha inayosema kila faili la ndani linaanzia baiti ya ngapi. PDF nayo ina jedwali la namna hiyo. Chomeka baiti moja katikati, vyote vilivyo mbele yake vinasogea, orodha haina habari. Na namba za kwenye ZIP zimeandikwa kinyumenyume: 1000 kwa heksi ni 03 E8, ila humo utaikuta E8 03. Nikiwa na usingizi mpaka leo naikosea.

Nami nisijifanye najua kila kitu kwa baiti nne. Xlsx ya Excel ni PK, APK ya programu za Android ni PK, zote PK. Hubidi nishuke chini nitafute jina kama word/document.xml, na hata hapo wakati mwingine nabahatisha. Faili la maandishi matupu kwa kawaida halina alama yoyote. Na kuna programu za PDF zinazovumilia takataka kabla ya %PDF. Kwa hiyo mwanzo wa faili ni dalili, si cheti cha kuzaliwa.

Kijana nilimrudishia jina la docx kwenye faili lake lenyewe, nikalifungua kwa LibreOffice, nikalitoa kama PDF. Hata dakika haikuisha. Nikamtoza buku. E8 03.