Dhana potofu kuhusu waandishi wa tawasifu

Tangu majirani wajue kwamba ninaandika kumbukumbu za maisha yangu na ya nyumba niliyolelewa, maneno wanayoniambia ni yale yale. Mengine niliyaamini mwenyewe kabla sijaianza kazi hii.

“Mambo yamekupata wewe, utafute nini tena?”

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo lililonipotosha kuliko yote. Sura ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya mazishi ya baba. Niliandika mvua ilivyonyesha makaburini, udongo ulivyogeuka tope, wanaume walivyoshikana mikono wasiteleze. Nilikuwa na miaka tisa, nikayaona kwa macho yangu. Nilipomsomea shangazi ukurasa ule, aliacha kuchagua mchele, ungo ukiwa mapajani, akanitazama.

“Mwanangu, baba yako alikufa kaskazi. Vumbi tupu. Mvua ilinyesha siku ya arobaini, tukakimbiza majamvi ndani.”

Nilikuwa nimeziunganisha siku mbili nikazifanya moja. Na ile mvua ya makaburini, ambayo haikuwapo, naisikia harufu yake mpaka leo.

Basi ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya wiki yangu siandiki kitu. Nafungua kopo la biskuti ambalo mama alihifadhia stakabadhi za ushirika, ripoti za shule na picha zilizoandikwa kwa nyuma. Namuuliza mtu mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja mkubwa akishasema wengine hufuata. Wazee wetu hawasemi mwaka kwa tarakimu, lakini miaka wanayo. Mtu akikwambia alijifungua wakati wa vita vya Kagera, amekupa 1978 au 1979, na ukimuuliza kama wanajeshi walikuwa wanakwenda au wanarudi, unakaribia mwezi.

“Tawasifu ni za marais”

Marais wanaandika, na ni vizuri waandike. Ali Hassan Mwinyi alitoa yake kwa Kiswahili mwaka 2021. Lakini mwandishi anayetajwa kwanza kila inapozungumzwa tawasifu ya Kiswahili alikuwa karani. Shaaban Robert alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na muda mwingi wa utu uzima wake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, anahamishwa huku na huku, anasubiri mshahara. Maisha Yangu aliiandika katika maisha hayo hayo ya ofisi. Sehemu ya pili aliiongeza alipopita miaka hamsini, na hakuishi sana baada ya hapo: alifariki 1962.

Tena alikuwa mwandishi wa barua. Zile alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa. Mtu anayeandika barua kwa miaka ishirini na saba anajizoeza kuyatazama maisha yake na kuyaweka kwenye sentensi, hata kama siku hiyo habari yenyewe ni homa na fedha. Nikiulizwa nianze na zoezi gani, nasema barua.

“Mwandishi ana utulivu na nafasi, sisi tuna watoto”

Hapa namkumbuka Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Katika jumba lile wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri. Alichukua msahafu, akaziiga herufi zake moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mfupa huo ndio uliokuwa ubao wa kuandikia. Naomba msomaji asiupite haraka mfupa huo. Ni mtoto wa kike ambaye hana mwalimu wa kumshika mkono, na herufi anazoziiga anazijua kwa sauti tu, mkono haujazijua.

Ujuzi huo ulimponza mapema. Ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, sultani wa wakati huo, mwaka 1859, waliokula njama walihitaji mtu wa kuandika barua, na binti wa miaka kumi na mitano akawa katibu wao. Aliondoka Zanzibar 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, wakakaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo, ugenini, katika lugha aliyojifunza ukubwani. Alipata riziki kwa kufundisha lugha.

Katika hali hiyo ndipo alipoanza kuandika maisha yake. Anaeleza mwenyewe kwamba aliwaandikia wanawe, kwa sababu walijua machache mno kuhusu mama yao, na kwamba alikuwa amechoka kiasi cha kudhani hataishi mpaka wakue. Kitabu kilitoka 1886, takriban miaka tisa tangu aanze. Hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo.

Nami saa yangu ni baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, kurasa mbili za daftari la shule, basi. Siku nyingine inatoka aya moja.

“Wanasoma tawasifu za wenzao tu, waige”

Nasoma tenzi, nasoma magazeti ya zamani kwa ajili ya bei ya sukari na matangazo ya sinema. Tawasifu nazisoma pia, lakini kwa jicho la kutafuta kilichoachwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha kuanzia 1902. Frasila za pembe, kipimo cha uzito cha zamani, anazihesabu kwa makini. Watu waliozibeba pembe hizo, wengi wao hawana hata jina. Tangu nilipoliona hilo, kila sura nikiimaliza nairudia kuuliza nani alipika, nani alichota maji, na kama nimemwandika.

“Ukiamua kusema kweli, lazima useme yote”

Kusema uongo na kunyamaza ni vitu viwili. Katika kitabu chake Salme anaieleza Zanzibar kwa kirefu: mavazi, vyakula, misiba, hata majina ya majumba. Miaka yake ya Ujerumani anaipitia kwa ufupi. Si kwamba hakuwa na la kusema. Aliacha maandishi mengine marefu kuhusu ujane na upweke wa huko, yaliyopangwa kama barua kwa rafiki wa nyumbani, nayo hayakuchapishwa mpaka miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1924.

Sura ya baba nimeiandika upya. Makaburini pana vumbi, mvua iko siku ya arobaini, na majamvi yanakimbizwa ndani. Shangazi aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mambo mawili mengine kuhusu siku ile, akaniomba yasisomwe angali hai. Nimeyaandika usiku ule ule katika daftari jingine, nikalifunga kwa uzi na kuliweka chini ya kopo la biskuti.