Kabla ya Kubuni Kanuni Yako ya Soka, Mfikirie Kocha Mjanja

Novemba ikikaribia kuisha, waandalizi wa mashindano ya Krismasi kutoka Butere, Mumias, Vihiga hadi Ahero huanza kututumia kanuni zao tuzipitie. Sisi tunaowafundisha waamuzi wa eneo hili la magharibi mwa Kenya tumezoea kukuta vituko humo ndani: bao la kichwa lihesabiwe mawili, sare ya bila kwa bila isizae pointi, mechi ikiisha sare ipite timu iliyopata kona nyingi. Nia huwa njema. Mdhamini ametoa fahali na jezi, watu wamejaa uwanjani, na hakuna anayetaka kuwarudisha nyumbani bila bao. Swali ninalomrudishia kila mwandalizi ni hili: kocha mjanja kuliko wote katika mashindano yako ataitumiaje kanuni hiyo?

Anayedhani natia chumvi na asikilize yaliyotokea Barbados tarehe 27 Januari 1994. Ilikuwa michuano ya kufuzu Kombe la Karibi, na waandalizi waliamua kuzifuta sare. Hata mechi ya makundi ilipaswa kutoa mshindi. Dakika 90 zikiisha nguvu sawa, unaongezwa muda; atakayefunga kwanza katika muda huo ameshinda papo hapo, na bao lake linahesabiwa mawili. Karatasini ilipendeza.

Barbados walihitaji kuilaza Grenada kwa tofauti ya mabao mawili ili wafuzu. Wakaongoza 2-0, mambo shwari, mpaka dakika ya 83 Grenada walipokomboa moja. Kwa 2-1, Barbados walikuwa nje. Walijaribu kushambulia, wakagonga ukuta, kisha wakapiga hesabu. Wakimaliza 2-1 wameaga mashindano. Wakimaliza 2-2 wanapata nusu saa nzima ya kutafuta bao moja tu, ambalo litahesabiwa mawili na kuwapa ile tofauti wanayoitaka. Dakika ya 87 beki wao akapigiana pasi na kipa wake, halafu akautia mpira wavuni mwao wenyewe.

Grenada nao hawakuwa wajinga. Ushindi ungewavusha, na kushindwa kwa bao moja pia kungewavusha, kwa hiyo bao katika goli lolote kati ya yale mawili lingewafaa. Dakika zilizobaki, mashabiki waliona timu moja ikijaribu kufunga upande wowote, huku wachezaji wa Barbados wakigawana: hawa walinde goli letu, hawa walinde la wapinzani. Muda wa ziada ukaja, Barbados wakafunga, matokeo yakaandikwa 4-2, na wakafuzu. Hawakuadhibiwa, maana hakuna kanuni waliyovunja. Waliyoyafanya ndiyo yaliyoandikwa na waandalizi wenyewe.

Sheria za soka duniani haziandikwi na FIFA peke yake, ingawa wengi vijiweni huamini hivyo. Mwenye nazo ni Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, IFAB, iliyoundwa 1886 na vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. FIFA ilijiunga 1913. Leo FIFA ina kura nne na kila chama cha vile vinne kina kura moja. Badiliko halipiti bila kura sita. Ndiyo maana mabadiliko huchelewa, na siku hizi huwa hayapitishwi kabla ya kujaribiwa.

Jaribio ninalolipenda kulisimulia darasani ni la kuotea (offside) mwaka 1925. Wakati ule mshambulizi hakuwa ameotea mradi wachezaji watatu wa upinzani wako kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja alipanda juu, mwenzake akabaki nyuma na kipa, na washambulizi wakanaswa mmoja baada ya mwingine. Newcastle, akiwemo beki wao Bill McCracken, walikuwa mabingwa wa mtego huo. Kabla ya kuibadilisha sheria hiyo, Waingereza walijaribu mapendekezo mawili katika mechi za maonyesho: kipindi kimoja wachezaji watatu wakapunguzwa kuwa wawili, kipindi cha pili ukachorwa mstari yadi 40 kutoka golini na kuotea kukahesabiwa ndani ya mstari huo pekee. Likashinda lile la wachezaji wawili.

Mabao yakamiminika. Ligi ya daraja la kwanza Uingereza ilitoka mabao 1,192 msimu wa 1924-25 hadi 1,703 msimu uliofuata, mechi zikiwa zilezile 462. Ukiishia hapo utasema jaribio lilifaulu kabisa. Lakini Oktoba 1925 Arsenal walifungwa 7-0 na Newcastle, na kocha Herbert Chapman na wachezaji wake wakakaa kuutafuta mwarobaini. Wakamrudisha kiungo wa kati akacheza kati ya mabeki wawili. Timu nyingine zikaiga, na beki wa kati tunayemjua leo akazaliwa. Kanuni iliyotungwa kuwapa washambulizi nafasi ndiyo iliyompa ajira beki wa tatu. Mimi siioni kuwa hasara. Ninachosema ni kwamba matokeo ya mwezi wa kwanza si matokeo ya mwaka wa tatu. Makocha wakishaamka, hesabu hubadilika.

Mpira wa kurusha nao ulishawahi kutaka kubadilishwa. Kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Japani mwaka 1993, mpira ukitoka pembeni ulirudishwa kwa mguu. Wengi hapa wanayakumbuka mashindano hayo kwa fainali ya Waafrika watupu, Nigeria wakiwapiga Ghana 2-1, na wamesahau kwamba walikuwa wakicheza na kanuni ya majaribio. Lengo lilikuwa kuharakisha mchezo. Baadaye ilijaribiwa pia katika ligi ndogo Uingereza, ikaleta kinyume: kila mpira uliotoka karibu na boksi ukageuka frikiki. Mabeki warefu wanapanda, mpigaji anasubiri, mpira unapigwa juu, watu wanagongana vichwa. Ikaachwa. Katika futsal, soka ya ukumbini ya wachezaji watano kila upande, mpira wa pembeni hupigwa kwa mguu mpaka leo bila shida, kwa sababu uwanja ni mdogo, mpigaji ana sekunde nne tu, na hawezi kufunga moja kwa moja.

Bao la dhahabu, yaani bao la kwanza la muda wa ziada kumaliza mechi papo hapo, tulilionja sote. Kwenye Kombe la Dunia la 2002 Henri Camara aliwapeleka Senegal robo fainali kwa kuwafunga Sweden katika muda wa ziada, na mechi ikafa palepale. Siku chache baadaye Senegal wenyewe wakauawa kwa kisu hichohicho na İlhan Mansız wa Uturuki. Shangwe zake hazina mfano. Tatizo ni dakika zinazotangulia shangwe hizo: timu ikijua kosa moja linaipeleka nyumbani, inaogopa kupanda. Kanuni ya kuwahimiza watu wafunge ikawafundisha kujilinda. Baada ya Kombe la Ulaya la 2004 ikafutwa.

Iliyofaulu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni marufuku ya kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, iliyoanza 1992. Kombe la Dunia la Italia 1990 lilikuwa na wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, na ile sare ya bila kwa bila kati ya Misri na Ireland kule Palermo, mpira ukirudishwa kwa kipa kila mara, iliwachosha hata wavumilivu. Marekani 1994 wastani ulipanda hadi 2.71. Hapa nawaomba tuwe waangalifu: mwaka huohuo ushindi ulianza kupewa pointi tatu badala ya mbili katika Kombe la Dunia, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa kanuni moja. Lakini kipa alivyobadilika kila mtu anaona. Kijana anayedaka leo pale uwanja wa Bukhungu asiyejua kutumia miguu hapati namba.

Mfano wa karibuni pia unamhusu kipa. Kwa miaka mingi alikatazwa kushika mpira zaidi ya sekunde sita, na adhabu ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi. Nani amewahi kuiona ikipigwa? Waamuzi waliona adhabu hiyo ni nzito mno kwa kosa dogo, wakajifanya hawaoni. IFAB ikajaribu njia nyingine: sekunde nane, mwamuzi ainue mkono na kuhesabu tano za mwisho kwa vidole, na kosa liwe kona. Katika majaribio makipa waliuachia mpira mapema, na kipenga hakikuhitajika sana. Tangu Julai 2025 ni sheria. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu mwaka huo, Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunaswa. Adhabu ilipunguzwa makali, na kwa sababu hiyo ikaanza kutolewa.

Sasa turudi kwenye mashindano yenu. Kwa soka ya mashinani, vijana, wakongwe na watu wenye ulemavu, sheria zenyewe zinaruhusu chama cha soka cha nchi kubadilisha baadhi ya mambo: ukubwa wa uwanja, wa mpira na wa goli, muda wa mechi, mchezaji aliyebadilishwa kurudi uwanjani, na adhabu ya kumtoa mchezaji kwa muda. Zungumzeni na tawi la chama kabla ya kuchapisha chochote. Bao la kichwa kuhesabiwa mawili halimo humo, na sitalipitisha. Kocha mjanja atawapanga warefu wake wote kwenye boksi na kuwaambia wengine wapige krosi tangu kipenga cha kwanza.

Ninayowashauri mwijaribu ni adhabu ya kutoka kwa muda, hasa kwa wanaomtukana na kumzonga mwamuzi. Uingereza waliijaribu katika ligi 31 za mashinani kuanzia msimu wa 2017-18, na utovu huo ukapungua kwa asilimia 38. Kuanzia 2019 wakaieneza. Mechi ya dakika 90 mtu hukaa nje dakika 10. Mashindano yenu mengi ni ya dakika 60, kwa hiyo dakika sita hadi tisa zinatosha. Mtafute mtu wa saa asiye wa timu yoyote, mweke mezani, na mchezaji asirudi uwanjani mpaka mwamuzi amruhusu.

Jambo la mwisho ni ratiba, na hili halihitaji ruhusa ya yeyote. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 Algeria walimaliza mechi zao za kundi wakasubiri. Kesho yake Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua bao moja la Wajerumani linawavusha wote wawili. Bao likapatikana dakika ya 10, na baada ya hapo ikawa pasi za kupitisha muda. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi la Kombe la Dunia huchezwa kwa wakati mmoja. Ninyi mna uwanja mmoja, hamwezi. Kwa hiyo makundi ya timu nne yaacheni, mcheze mtoano tangu mwanzo. Au ombeni uwanja wa shule jirani kwa siku hiyo moja, na mwamuzi wa huku na wa kule wapigiane simu kabla ya kuanzisha.