Sanda: yanayosemwa msibani na ukweli wake

Mwislamu akifariki alfajiri hapa Nairobi, si ajabu alasiri akawa ameshazikwa Kariokor au Lang'ata. Katikati ya haraka hiyo, kijana hutumwa Islii au Biashara Street akalete sanda, naye huenda na maelezo aliyookota njiani. Chini ya kila neno lao ni jibu kwa madhehebu ya Shafii, njia ya sheria ya Kiislamu inayofuatwa na wengi hapa.

"Nunua mita kumi, zitatosha."

Zitatosha au hazitatosha. Inategemea upana wa jora. Kwanza pima urefu wa maiti, uongeze sentimita 60 za kufungia kichwani na miguuni. Mwenye sentimita 175 atahitaji shuka ya 235. Mwanamume huvishwa shuka 3, kwa hiyo ni mita 7 na kidogo, jora likiwa na upana wa sentimita 180. Likiwa la sentimita 90, kila shuka inaungwa kwa vipande viwili na hesabu inapanda hadi mita 14. Mita kumi za jora jembamba zinatoa shuka mbili tu, na jambo hilo hugunduliwa maiti akiwa tayari ameoshwa. Upana wa shuka uwe kama mara tatu ya upana wa mwili. Kwa mtu mnene usikisie. Ongeza nusu mita ya kuchana kamba.

"Sanda haiguswi na sindano."

Kuunga vipande kwa uzi hakuna ubaya wowote.

"Ya mwanamke ni shuka tano."

Ni vipande vitano, lakini shuka ni mbili tu. Huanza kikoi cha kufunga kiunoni, kisha kanzu, kisha mtandio wa kichwani, ndipo shuka mbili zinazofunika mwili mzima. Kanzu yenyewe ni kitambaa kilichokunjwa mara mbili na kukatwa tundu la kichwa kwenye mkunjo, mbavuni kikaachwa wazi. Tundu likiwa dogo, wanaovisha watahangaika. Kata refu kuelekea kifuani.

"Lazima iwe mpya, na ya bei."

Mtume (s.a.w.) alikafiniwa, yaani alivishwa sanda, kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen. Weupe ni sunna, upya si sharti: Abubakar, khalifa wa kwanza, aliagiza nguo yake kuukuu ifuliwe akafiniwe nayo, kwa kuwa aliye hai anahitaji mpya zaidi. Bafta ya kawaida, kitambaa cheupe cha pamba, inafaa kabisa. Vitambaa vya nailoni vinavyong'aa huteleza mkononi na havinyonyi maji. Hata bafta, ikivishwa juu ya mwili ambao haujakaushwa kwa taulo, hushika mwili na kuonyesha ndani. Maiti aliyepasuliwa hospitalini afungwe pamba na bandeji kwenye mishono kwanza, la sivyo damu itapenya hadi shuka ya nje.

"Sanda ni ya Waislamu peke yao."

Wayahudi nao huzika kwa sanda, na Injili inaitaja ya Yesu. Ile inayodaiwa kuwa ndiyo hiyo, inayotunzwa Turin, Italia, ilipimwa mwaka 1988, kitambaa kikaonekana ni cha kati ya 1260 na 1390.

"Ikishafungwa haifunguliwi tena."

Kamba hutandikwa kwanza, shuka juu yake, zikafukizwa udi. Maiti akishalazwa, upande wa kushoto wa shuka hukunjwa kwanza, wa kulia ukaja juu. Kitambaa kinachozidi kiwe kingi zaidi kichwani kuliko miguuni. Kisha kamba hufungwa, na mafundo yake ni ya safari tu, shuka zisifumuke kwenye jeneza. Kaburini maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, yaani upande wa Makka, ambayo Nairobi ni karibu kaskazini kabisa, hivyo kichwa huwa mashariki; hapo mafundo hufunguliwa. Anayeyafungua ameinama kwenye shimo jembamba, vidole vina udongo. Kwa hiyo tangu chumba cha kuoshea, funga fundo la kuvuta ncha moja likaachia.