Elimu kwa Umma: Kero Yako Imfikie Diwani Ikiwa na Muhuri

Tangu masika yaanze, dawati letu la malalamiko linasikia kauli ileile: "Diwani tumemwambia, hajali." Tukiuliza mlimwambia lini na kwa njia gani, tunaonyeshwa sauti ya dakika nane kwenye kundi la WhatsApp, au picha ya mtaro ulioziba Mabibo, mtaa haukutajwa. Kwa heshima zote, hiyo kwetu si taarifa rasmi.

Tukumbushane pia kwamba diwani hana greda. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), na bomba likipasuka ni DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam). Diwani anaisemea kata na kuibana halmashauri, na kwa kazi hiyo anahitaji karatasi mkononi.

Kero ianzie kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Ikikwama, andika barua kwa mtendaji wa kata. Ukurasa mmoja unatosha. Weka anwani yako na namba ya simu, tarehe, anwani ya mwandikiwa, kisha "YAH:" (yaani "yahusu") na mstari mmoja unaotaja jambo lenyewe, mfano "Yah: Kuziba kwa kalvati mbele ya shule ya msingi", pamoja na jina la mtaa. Usiandike "Yah: Malalamiko". Masjala imejaa majalada ya "Malalamiko" na hakuna anayejua lipi ni la mtaro na lipi ni la jirani mwenye muziki. Eleza tatizo lilianza lini, linamuumiza nani, unaomba nini. Ombi liwe moja. Barua yenye mambo saba huzungushwa idara saba, na kwa kawaida hulala kwenye ya tatu.

Toa nakala tatu. Moja iache ofisi ya mtendaji wa kata; ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Omba namba ya kumbukumbu. Usipoiomba hutapewa, na ukirudi bila hiyo namba mtumishi ataanza kupekua rejista tangu Januari. Ya tatu impate diwani, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ni katibu wake. Kero hugeuka ajenda kwenye kikao hicho, kisha diwani anaweza kuipeleka baraza la madiwani. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza, hivyo msione kwamba hafikiki ila kwa kumfuata Dodoma. Vikao vya baraza ni vya wazi. Njooni mkae, viti vipo.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kalvati linaloombwa Mei limeshachelewa kuingia kwenye bajeti.

Na hili tumelisema mpaka koo limekauka: diwani hagawi mikopo ya asilimia 10. Fedha hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2), na kwa wanawake na vijana huombwa na kikundi kilichosajiliwa. Kumpigia diwani simu saa nne usiku hakukisajili kikundi.

Kumkosoa kiongozi si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni. Ila kumzushia ni jambo jingine. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinataja, kwa anayesambaza taarifa za uongo akijua ni za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kabla ya kurusha video, jiridhishe.

Ukitaka nyaraka, kama vile gharama za mradi, hilo si lalamiko bali ombi la taarifa. Andika ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu. Lalamiko likikaa kimya, andika barua ya pili kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ambatanisha ile nakala yenye muhuri, na juu ya barua hiyo ya pili uandike Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) ya barua ya kwanza.