Kazi moja kwa wakati mmoja si kuwa na kazi moja

Kufanya kazi moja kwa wakati mmoja ni kuipa kazi iliyo mbele yako akili yote mpaka iishe, au mpaka ufike pale ulipopanga kuiachia, ndipo ushike nyingine. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachochosha ni jibu linalofuata kila mara: "Hayo ni ya wenye nafasi, mimi nina mambo kumi." Nani amekukataza kuwa nayo kumi? Hatuhesabu kazi ulizo nazo leo; tunahesabu zinazogombea akili yako dakika hii.

Sifa ya "kufanya mengi kwa pamoja" ilitoka kwenye kompyuta. Wahandisi wa miaka ya 1960 waliisema kuhusu mashine, kisha ikahamia kwa binadamu, na sasa imejaa kwenye barua za kuomba ajira. Kumbe nyingi ya mashine zile, kwa kuwa zilikuwa na prosesa moja, yaani kitengo kimoja tu cha kutekeleza kazi, hazikuzifanya kazi mbili kwa pamoja hata siku moja. Zilikuwa zikirukaruka, hii kidogo, ile kidogo, kwa kasi ambayo mtumiaji haioni. Tena kabla ya kuruka, mashine huhifadhi kwenye kumbukumbu pale hasa ilipofikia, na ikirudi huendelea bila kupoteza hata tarakimu moja.

Wewe ukikatizwa na ujumbe katikati ya hesabu, huwezi kurudi hivyo. Jambo hili si geni: mwaka 1927 mwanasaikolojia Arthur Jersild aliwapa watu orodha za hesabu, akaona kwamba kupokezanisha kujumlisha na kutoa kuliwachelewesha kuliko kufanya aina moja mfululizo. Na hizo ni hesabu za utotoni! Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy akaonyesha kwamba mtu akihamia kazi nyingine, sehemu ya mawazo yake huweza kubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama haijaisha. Mwili umehama, akili bado iko njiani.

Kuna watakaosema wanatembea huku wanaongea, na hawaanguki. Sawa. Kutembea kumeshazoeleka, hakudai mawazo mpaka njia iharibike. Lakini wapo wanaoupeleka mfano huo kwenye usukani: eti simu ikiwa kwenye spika, mikono iko huru, basi hakuna tatizo. Mazungumzo hayashikwi kwa mikono. Majaribio ya udereva yameonyesha kwamba dereva anayeongea na simu huchelewa kuona na kuchukua hatua, hata kama hajaishika.

Anayeandika kwenye barua ya ajira kwamba anafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, nadhani anataka kusema anaweza kusimamia kazi nyingi bila kuisahau hata moja. Hiyo ni sifa nzuri. Aiandike hivyo.